Tulizamia Nungwi, Fomu Ikatugombanisha

Ukisema mtaani Dar kwamba wikiendi ulienda kuzamia, watu watadhani umeingia kwenye harusi ya watu bila kadi. Sisi tulizamia kihalali, tena kadi ndiyo tuliyoifuata: ile ya PADI ya ngazi ya kwanza, Open Water, inayokuruhusu kupiga mbizi na mwenzako hadi mita 18. Ilikuwa zawadi yetu ya kutimiza miaka mitatu ya ndoa.

Nungwi iko ncha ya kaskazini ya Unguja. Ufukweni mafundi bado wanaunda majahazi kwa mkono, na hatua chache mbele utakuta mitungi ya hewa imepangwa kama gesi dukani. Ndiyo, hewa. Wengi tunaiita oksijeni, lakini mtungi wa mwanafunzi una hewa hii hii ya kawaida, imeshindiliwa tu.

Kozi huchukua siku tatu au nne. Andaa kama dola 400 hadi 600 kwa mtu mmoja, na uliza mapema: je, bei hiyo ina masomo, kadi, vifaa na ada ya hifadhi? Usikimbilie kununua vifaa. Koti la hewa, regyuleta na suti, kituo kitakupa. Cha kununua kwanza ni miwani yako mwenyewe. Ibandike usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua; isipoanguka, imekukaa.

Sasa ngoja nikwambie kilichotukuta. Kabla ya kugusa maji unapewa fomu ya afya. Kwenye swali la pumu nikamwona mume wangu anaweka "hapana". Dawa yake ya kuvuta ilikuwa ndani ya mkoba wangu!

"Mke wangu, mwaka wa pili huu sijabanwa," akaninong'oneza. "Na hela tumeshalipa."

Mwalimu wetu, kijana wa hapohapo Nungwi, alikuwa ametoka kutueleza kwamba ukiwa mita 10 chini, mgandamizo ni mara mbili ya huku juu. Ukipanda, hewa iliyo mapafuni inatanuka. Ndiyo maana sheria ya kwanza ni kutobana pumzi kamwe. Hewa ikinaswa kwenye mirija iliyobana, pafu linaweza kupasuka.

Nikamwambia, "Huko chini mwenzako ni mimi. Mtungi wako ukiisha, utavuta hewa yangu. Nitakusaidiaje kwa kitu ulichoficha?"

Alinuna. Kisha akachukua kalamu, akabadilisha jibu. Mwalimu wala hakufoka. "Bahari ipo, kaka. Anza kwa daktari."

Daktari alikataa kusaini bila vipimo vya mapafu. Usiku ule tulikula pweza kimyakimya, kila mtu na sahani yake.

Nikaendelea peke yangu. Niliogelea mita 200 bila kusimama, nikaelea dakika 10, nikavua miwani chini ya maji na kuivaa tena. Hapo nilikunywa chumvi, nikataka kuacha. Mwalimu akanishika mkono hadi pumzi ikatulia. Halafu mbizi nne za baharini, ya mwisho pale Mnemba. Kasa mmoja alipita karibu, taratibu, kama bibi anayetoka sokoni.

Nilipoibuka, uso wa kwanza kuuona ulikuwa wa mume wangu, anaelea juu na mrija wake mdomoni. "Umeona nini? Hebu nisimulie!" Nikalia ndani ya miwani.

Tuliporudi Dar akapimwa, na safari hii daktari wa mapafu akasaini. Zamu yake ni Desemba. Kituo kimetushikia hela yake.

Nanyi mkipanga kwenda, kumbukeni haya. Pimeni afya mkiwa bado nyumbani, kabla ya kulipa. Epukeni miezi ya masika, mvua na upepo huchafua maji. Mkimaliza mbizi za siku kadhaa, msipande ndege hadi zipite angalau saa 18. Boti haina shida.

Na ile fomu, jazeni mkiwa pamoja. Mimi nilidhani naenda kujifunza samaki, kumbe nilienda kujifunza mtu ninayelala naye kitanda kimoja.