Wingu Lisilofika Sikioni

Mpwa wangu wa Jeddah hurusha ndege ya kivita ndani ya kompyuta. Wingu likifunika kioo chote, hutazama kipimo cha mlalo wa mabawa, akapita bila wasiwasi. Nilimsifu.

Nikirejea Riyadh kwa ndege, tuliingia katika wingu zito. Mwili wangu uliapa kwamba tunapinda kushoto. Tulipotoka, bawa lilikuwa sambamba na ardhi. Majimaji ya sikio la ndani yalikuwa yamenihadaa.

Ndipo nilipouona upungufu wa mchezo ule: huyaziba macho tu, ilhali mwili umetulia kitini, ukisema kweli. Rubani halisi hulazimika kuviamini vipimo na kuukana mwili wake. Nami, niliyezoea kuyaamini niyahisiyo, sina hakika kama ningeweza.