Majabali Tuyapendayo na Wenyeji Wake

Katika nyumba za kambini watu hupokezana vitu vingi: sufuria, pasi, mbegu za mchicha, na habari za uhamisho kabla hazijatangazwa. Sisi wachache wa hapa Kampala tumezoea kupokezana kitu kingine, nacho ni mawe. Simaanishi mawe ya kujengea. Nasema juu ya majabali yenye kimo cha mtu mara mbili au mara tatu, ambayo mtu huyapanda kwa mikono na miguu yake mitupu, bila kamba, huku chini pametandikwa godoro na rafiki amesimama nyuma yake akimchunga asianguke vibaya. Kila jabali lina njia zake, na kila njia sisi twaiita fumbo, kwa kuwa haifunguki kwa nguvu peke yake. Sharti ujue mkono upi utangulie, kisigino kikae wapi, na uzito wa mwili uuhamishe lini.

Tu watu saba. Yumo koplo wa polisi, yumo mke wa sajini wa jeshi, yumo muuguzi, yumo fundi wa magari na wanawe wawili, na mimi mtumishi wa serikali niliyeanza kazi kwa cheti cha ualimu kabla ya kuhamia ofisini. Jumamosi ya mwisho wa mwezi hukutana uani kwa koplo, tukanywa chai ya tangawizi, na kila mmoja akaeleza jabali alipendalo. Maelezo hayo hufanywa kwa mikono. Mgeni akipita na kutuona tumekaa kwenye vigoda tukinyoosha vidole hewani na kuinua magoti, hudhani tumeingiwa na jambo.

Kampala yenyewe, pamoja na sifa zake za kuwa mji wa vilima, ni maskini wa majabali. Vilima vyetu vingi vimefunikwa udongo mwekundu na changarawe, na pale mwamba ulipojitokeza, kama Muyenga na Kireka, machimbo ya kokoto yalikwisha kufika kabla yetu. Kireka wako akina mama waliokimbia vita vya kaskazini, ambao kwa miaka mingi wamejipatia riziki kwa kuponda mawe kwa nyundo. Hapo hapana mahali pa mchezo. Kwa hiyo atakaye jabali la kupanda hupanda basi kwanza, akaelekea mashariki.

Mashariki mimi nilikulia. Marehemu baba yangu alikuwa polisi, na kwa watoto wa polisi kila uhamisho ni shule mpya, lugha mpya ya sokoni na marafiki wapya. Kwetu ilikuwa pia jiwe jipya. Tulipofika kituo kigeni, kaka yangu mkubwa hakuuliza shule iko wapi. Aliuliza watoto wa hapa wanapanda wapi.

Tororo jibu lilionekana tangu barabarani. Jabali la Tororo ni kiini cha volkano ya kale, kilichobaki baada ya udongo laini wa pembeni kumomonyoka, na kilele chake kipo mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Mtu mzima aweza kufika juu kwa njia ya miguu na ngazi zilizowekwa, na siku yenye hewa safi akauona Mlima Elgon na nchi ya Kenya. Hilo ni tembezi zuri kwa jamaa nzima, ila mzee mwenye maradhi ya moyo asilazimishwe. Bali fumbo alipendalo koplo haliko juu. Liko chini, kwenye mawe yaliyoporomoka zamani, ambapo lipo moja lenye tumbo lililojitokeza kama la mjamzito. Unaanza ukiwa umekaa chini kabisa, matako karibu na udongo, ukivuta mwili kutoka uvunguni. Koplo husema wahenga walijua mchezo huu waliposema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alilijaribu miezi minane, na siku alipolifungua, kwa kauli yake, alilia mbele ya wachunga mbuzi.

Hapa niseme neno kwa wazazi, maana najua swali lililo midomoni mwao. Je, si hatari? Ni hatari, kama ilivyo hatari mwembe nyuma ya nyumba, ambao hakuna mzazi aliyewahi kuutandikia godoro. Sisi hutumia magodoro ya sponji yaliyochakaa, mawili yamelazwa pamoja na kushonewa ndani ya turubai, yakatiwa mishipi ya kubebea mgongoni. Mwenye kuchunga hasimami akikodoa macho tu: huinua mikono, vidole gumba amevifungia kando ya vingine visivunjike, na kazi yake si kumdaka mtu kama mpira bali kumwelekeza kiunoni atue godoroni kwa miguu, kichwa kisalimike. Mtoto hupanda hadi pale awezapo kushuka mwenyewe, basi. Tena msidanganyike na chaki ya ubao. Mimi nilikuwa mwalimu na nilikuwa nayo tele, lakini chaki ya shule ni jasi au chokaa, nayo haifanyi kazi ya ule unga mweupe wa magnesi ambao wapandaji na wacheza sarakasi hujipaka viganjani kukausha jasho.

Unga huo una historia ya kufurahisha wasomaji walio katika majeshi. Aliyeuleta kwenye mawe ni Mmarekani John Gill, mwana wa sarakasi za viwanjani, katika miaka ya 1950. Alipomaliza chuo alitumikia Jeshi la Anga la nchi yake akiwa afisa wa hali ya hewa, na baadaye akawa mwalimu wa hisabati. Kabla yake wapanda milima waliyaona mawe mafupi kuwa mazoezi tu ya kujiandalia vilele. Gill alishikilia kwamba jiwe la mita nne laweza kuwa kamili kwa nafsi yake, na mwaka 1969 aliandika makala ya kuutetea ufundi huo. Wafaransa nao walikwisha kuyazoea mawe ya msitu wa Fontainebleau, kusini ya Paris, tangu mwisho wa karne ya 19. Leo mchezo huu umeingia katika Olimpiki, kuanzia ile ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, ingawa huko hupandwa kuta za kutengenezwa ambazo, kwa maoni yangu, hazina harufu ya kitu.

Muuguzi wetu alizaliwa upande wa Kisumu, naye kila ikifika zamu yake hutaja Kit Mikayi. Ni mrundiko wa mawe makubwa ajabu yaliyopandana, na jina lake kwa Kijaluo ni jiwe la mke wa kwanza. Watu huenda kuomba humo mapangoni, kufunga na kuimba. Yeye aweza kukuchorea kila ufa wa jabali lile kwa kidole, wapi mkono ungeshika na wapi mguu ungeteleza, lakini hajalipanda hata mara moja wala hana nia. Fundi humtania kwamba anapenda chakula asichokila. Yeye hujibu kwamba bibi yake aliomba pale.

Jibu hilo ndilo lililonifanya nifikiri upya juu ya Kumi.

Baba alipohamishiwa Kumi nilikuwa na miaka kumi. Nchi ya Teso ni tambarare, na juu ya utambarare huo majabali ya matale yamekaa kama ng'ombe waliolala. Tale ni jiwe jema sana kwa mpandaji: lina chembe kali, hushika wayo hata pasipo na pa kukanyagia, mradi upande asubuhi kabla jua halijalipasha. Huko pia ndiko kuliko na Nyero, penye michoro ya kale chini ya miamba iliyoinama, rangi nyekundu na nyeupe, duara ndani ya duara ndani ya duara. Wataalamu huihusisha na wawindaji walioishi huko kabla ya Waiteso, na wenyeji wa baadaye walipaheshimu kuwa mahali pa kuombea. Tangu mwaka 1997 Nyero, pamoja na sehemu nyingine zenye michoro ya namna hiyo huko mashariki, imo katika orodha ya Uganda ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia.

Sasa mwaka juzi aliingia kwetu kijana mmoja hodari, mwenye vidole kama koleo. Aliporudi kutoka Nyero alikuwa amewaka moto. Alisema ule mwamba ulioinama una fumbo zuri kuliko yote aliyoyaona Uganda, na akataka tulitangaze watu waje kutoka Nairobi. Mke wa sajini alimwuliza kama alipaka unga. Kijana akasema bado, ila ndiyo nia. Basi pakawa na ukimya, na chai ikapoa.

Nilimsimulia kijana habari za Hueco Tanks, katika jimbo la Texas huko Marekani. Ni mahali pa mawe mazuri mno hata kipimo kitumiwacho Marekani kupimia ugumu wa mafumbo kilizaliwa pale. Lakini mawe yale yale yana michoro ya wenyeji wa kale, maelfu. Watu wakaambiana, wakajaa, michoro ikaharibika kwa maandishi ya wahuni na kwa nyayo, na mwaka 1998 serikali ikaweka masharti makali: idadi ya wageni ikapunguzwa, na sehemu kubwa haiingiliki bila kiongozi. Si kwamba wapandaji wote walikuwa waharibifu, hasha. Ni kwamba walikuwa wengi, na unga wa mkono mmoja ni kitu kidogo, ila wa mikono elfu ni chokaa ya kupakia ukuta. Kijana hakupendezwa. Alisema jiwe ni jiwe, la Mungu, halina mwenyewe. Nami nikasema kwamba katika maisha yangu ya kambini sijaona kitu kisicho na mwenyewe. Hatukupatana siku ile. Lakini hajarudi kuupanda mwamba wa Nyero, na hilo namshukuru.

Lipo jambo jingine ambalo sikumwambia. Jabali nililolipenda kuliko yote maishani si la Nyero. Liko mwendo wa saa moja kutoka mjini Kumi, halina mchoro wala sala, na sisi watoto wa kituo tulilipanda kila Jumapili baada ya kufua sare za baba. Mwaka jana nilimpeleka binti yangu. Nusu yake haipo. Wamewasha moto juu yake mpaka likapasuka, kisha wakaliponda kokoto, na rundo lilikuwa barabarani likingoja lori. Aliyekuwa akiponda ni mama mmoja mjane, mtoto wake wa mwisho yuko sekondari. Alitukaribisha kivulini, akatupa maji. Nilimwambia mimi nilikulia juu ya jiwe lile. Akaniuliza kwa upole kama nilitaka kununua lililobaki.

Sikuwa na neno la kumjibu, wala hadi leo sijalipata. Karo ni karo. Binti yangu alipanda upande uliosalia mara tatu, akashindwa mara tatu, na ya nne akafika juu, huku mama yule amesimamisha nyundo akitazama.

Kwa hiyo kikundi chetu sasa kina desturi. Atajaye jabali uani kwa koplo hutaja pia nani anaishi chini yake, nani analiombea na nani analiponda. Majabali mengine twaelezana kwa mikono tu, bila kutaja njia ya kufika. La Tororo nimelitaja hapa kwa kuwa kila mtu analiona.

Koplo amehamishiwa Abim mwezi uliopita, chini ya vilima vya Labwor, nasi tulimfungia godoro moja pamoja na mizigo yake. Ametuletea habari wiki hii. Ameona jabali kama kichwa cha kifaru, dakika ishirini kutoka kituoni, lina ufa upande wa mashariki na tumbo upande wa kivuli. Alikwenda kwa mzee wa kijiji kuomba ruhusa. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, akamwuliza huko juu anakwenda kuchukua nini. Koplo akasema hachukui kitu. Mzee akasema atafikiri, arudi Alhamisi.