Mistari Miwili

Kabla ya patografu, yaani karatasi ya kuchorea mwendo wa uchungu, uchungu wa mama uliandikwa kwa maneno kwenye daftari la kawaida la wodi: "anaendelea vizuri", "uchungu si mkali", "njia bado". Zamu ya usiku ilipomkabidhi mama kwa zamu ya asubuhi, "anaendelea vizuri" iliweza kurudiwa kwa miandiko mitatu tofauti, huku mama amemaliza usiku na mchana mzima. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja wetu alimwona kwa saa zake nane, na katika saa zile nane mama alikuwa kweli anaendelea.

Nilikuwa mkunga katika kituo cha afya ng'ambo ya Mto Kilombero, upande wa Ulanga. Daraja halikuwapo. Tulivuka kwa pantoni, na kiza kikiingia pantoni ililala. Kwa hiyo mama wa kupelekwa hospitali ilibidi aondoke mchana, yaani wakati ambao kila anayemtazama atakwambia mbona bado ana nguvu.

Karatasi yenyewe ilitufikia mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye semina. Shirika la Afya Duniani lilikuwa likiisambaza kufuatia mkutano wa uzazi salama uliofanyika Nairobi Februari 1987, lakini asili yake ni ya nyuma zaidi. Mwaka 1972, Philpott na Castle walichapisha utafiti walioufanya katika mji wa Salisbury, Harare ya leo. Swali lao lilikuwa letu kabisa: mkunga aliye peke yake, mbali na chumba cha upasuaji, atajuaje kwamba wakati wa kumtoa mama umefika? Waliwafuatilia wanawake wa mimba ya kwanza, wakawatenga asilimia 10 waliofunguka polepole kuliko wenzao, na mwendo wa hao ukawapa mstari wa tahadhari, unaopanda sentimita moja kwa kila saa. Kulia kwake, umbali wa saa nne, wakachora mstari wa pili, wa kuchukua hatua. Zile saa nne kati ya mistari ni za barabara. Waliozipanga walijua kuna watu wanaosubiri gari.

Tulijifunza kuijaza. Alama ya X ni njia ilivyofunguka, duara ni kichwa kilivyoshuka, unachokipima kwa vidole vitano juu ya mfupa wa kinena. Mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa. Uchungu unahesabiwa kwa dakika kumi na kuwekwa kwenye vijumba: nukta kama haufiki sekunde 20, mistari ya mshazari kama haujapita 40, wino mtupu kama umepita hapo. Kwa kalamu zetu za kuvuja, hakuna aliyekuwa na haja ya kufundishwa namna ya kujaza wino mtupu.

Siku hizo, mimba ya kwanza ikikawia kutoka, wazee walikuwa na maelezo yao tayari: mke ana siri, amtaje mwanamume wa nje, mtoto atashuka. Nimewaona wasichana wakibanwa wataje majina katikati ya uchungu. Mmoja aliletwa alfajiri na mama mkwe wake. Saa nne asubuhi alikuwa na sentimita nne, nikaweka X juu ya mstari wa tahadhari. Saa nane mchana nikampima tena: tano. Kichwa kilikuwa kingali juu na mifupa yake imeanza kupandana. X ya pili ilikuwa imeuvuka mstari wa kwanza na kuusogelea wa pili.

"Sista, huyu anatuficha kitu," mama mkwe akaniambia. "Mbane, atasema."

"Mama, hebu njoo uone."

Nikamwonyesha. Hakujua kusoma, ila mstari unaopanda na alama inayobaki nyuma havihitaji shule. Akauliza alama ilipaswa kuwa wapi saa ile. Nikamgusisha kidole kwenye nane. Alikaa kimya kidogo, akatoka, na nikamsikia akimfokea mwanawe uani atafute gari kabla pantoni haijafungwa. Habari ya kutaja majina haikurudi tena.

Hospitalini alikuwapo daktari aliyezoea kutupokea kwa maneno. Ukimleta mama mapema umemsumbua, ukichelewa umemuua. Siku ile aliichukua karatasi, akaisoma amesimama, akaagiza tiata iandaliwe. Mimi hakuniuliza kitu. Yule binti alipasuliwa jioni ile na mtoto akalia.

Mwaka 1994 matokeo ya utafiti mkubwa wa Indonesia, Malaysia na Thailand yalichapishwa: wanawake zaidi ya 35,000, na uchungu wa muda mrefu kupita kiasi ukashuka kutoka asilimia 6.4 hadi 3.4 baada ya patografu kuanza kutumika. Kwetu ikawa amri. Hapo ndipo ilipoanza kuharibika. Wakaguzi walihesabu karatasi zilizojazwa, na karatasi zikajazwa. Nimeshika za wodi moja kubwa ambazo X zote zimepanda sambamba na mstari, kwa wino mmoja, bila kusita popote, na mkunga alikuwa mmoja kwa wanawake sita. Mtoto akishazaliwa, ni rahisi kujua alipitia wapi. Sikuwalaumu sana wakunga wale. Nilimlaumu aliyesifia unadhifu.

Halafu mstari wenyewe ukaulizwa maswali. Utafiti uliofanyika katika hospitali 13 za Nigeria na Uganda, uliochapishwa 2018, uliwafuatilia wanawake karibu 10,000, na ukaonyesha kwamba wengi huenda polepole kuliko sentimita moja kwa saa, hasa kabla ya kufika tano, na wanajifungua salama. Hilo wakunga wengi wa rika langu walikuwa wamelishuhudia. Tofauti ni kwamba safari hii wauguzi waliofunzwa kazi ya utafiti ndio walioziandika taarifa hizo hapo hapo wodini, tena kwa wingi usioweza kupuuzwa.

Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 umeifuta mistari yote miwili. Unaanzia sentimita tano, na mama anapewa hadi saa sita hapo kabla ya mtu kushtuka. Juu kabisa, kabla ya moyo wa mtoto, inaulizwa kama mama ana mtu wa kumkalia karibu, kama amekunywa chochote, amelala au amesimama. Nilipousoma niliwakumbuka mama zetu wote tuliowafungia mlango nje, na nikaona waliouandika wamewahi kukaa leba.

Mpwa wangu ni mkunga mjini. Nilimuuliza wanakijazaje kile kisanduku cha mtu wa kumkalia mama karibu. Akasema vitanda vyao havina pazia na wakati mwingine kitanda kimoja kina mama wawili, kwa hiyo anaandika N, yaani hapana, kwa kila mama, na wakaguzi wa wilaya hawajawahi kuuliza kwa nini.