Kamera Mvuani Rubafu

Kama umekulia Dodoma, mvua kwako ni habari. Ikinyesha watu mnatoka nje kuitazama. Kwetu sisi wa ukingo wa magharibi wa Ziwa Viktoria mvua ni jirani: anaingia bila hodi, anakaa mpaka anachosha, na asipoonekana siku tatu mnaanza kuulizana kulikoni. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Dodoma haifiki 600. Sababu ni ziwa lenyewe. Usiku maji hubaki na joto kuliko nchi kavu, hewa inapanda juu ya ziwa na kujenga mawingu, halafu upepo wa mashariki unayasukuma mpaka kwetu. Ndiyo maana alfajiri ya masika, wakati mwenzako wa Dar es Salaam anajigeuza kitandani kwa joto, Bukoba mabati yanapigwa ngoma.

Aprili iliyopita nilikuwa likizo nyumbani, na nilikuwa na hoja yangu. Picha za Kagera unazozikuta kwenye kalenda na kwenye kuta za ofisi zote ni za jua: ziwa la buluu, migomba ya kijani, mbingu safi kama imefuliwa. Mimi nikasema nitaipiga Kagera ikiwa imelowa. Nikachukua kamera yangu ya mtumba, nikaivisha mfuko wa mkate, lenzi tu ikabaki nje (mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo siku hizi mfuko wa mkate ni mali). Nikapanda gari la asubuhi kwenda Rubafu, kaskazini mwa mji, kule Bugabo.

Nilishuka inanyesha, nikaanza kutembea inanyesha. Huko unapita nchi mbili kwa mguu mmoja. Kwanza kuna rweya: nyasi, mawe, upepo wa ziwani, hakuna pa kujibanza. Halafu unaingia kibanja: migomba, chini yake mibuni, chini ya mibuni maharage, na mihumula imesimama juu ya wote kama wazee wa ukoo. Mgeni anadhani kibanja kimeota penye udongo mzuri. Wapi! Mvua hii hii inasomba rutuba mwaka hadi mwaka, na udongo wa asili umebaki maskini; rweya inakuonyesha ulivyo. Kibanja kimetengenezwa na watu. Vizazi kwa vizazi wamebeba nyasi za rweya na samadi ya ng'ombe, wakazirundika chini ya migomba. Nilipokuwa mdogo nililiona hilo kuwa jambo la kawaida. Siku hiyo, tope likinivuta viatu, nililiona kuwa ushujaa.

Basi nikaanza kazi. Mvua, bwana, ni ngumu kuipiga picha. Unaiona, unaisikia, imekuingia mpaka kwenye soksi, lakini kwenye kamera haipo. Tone kubwa huanguka kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/60 ya sekunde linakuwa limesafiri sentimita 15, linatoka kama uzi. Ukipiga kwa 1/1000 halijafika hata sentimita moja, linatoka kama punje. Na uzi wala punje hutaviona mpaka nyuma yake pawe na giza. Ukielekeza lenzi angani, mvua nyeupe juu ya wingu jeupe, umepiga hewa. Kwa hiyo nilitembea nikitafuta giza: kivuli cha migomba, mlango ulioachwa wazi. Watoto watatu wa shule wakapita wamejifunika jani moja la mgomba. Wakaniona nimechuchumaa topeni, mmoja akasema kitu kwa Kihaya, wakacheka mpaka jani likawaponyoka. Hiyo niliipata.

Mvua ilipozidi nikapiga hodi kwenye nyumba iliyokuwa karibu. Akatoka bibi mmoja, mwembamba, amejitanda khanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Waitu, unatoka wapi na mvua yote hii? Pita barazani."

Akaniletea kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi yetu kwa mgeni. Akaitazama kamera.

"Unapiga picha za nini?"

"Za mvua, bibi."

"Za mvua!" Akacheka. "Mvua kesho itakuwepo. Mimi kesho yangu siijui. Nipige mimi. Nataka picha ya msiba."

Nikakosa la kusema. Yeye akaingia ndani, akarudi na picha iliyofungwa kwenye kitambaa. Wanafunzi safu tatu, mashati meupe, jua la saa sita. Akaweka kidole. "Huyu wa tatu, mwanangu." Alifariki mwaka 1994. Mkoa wetu ndio uliotoa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini, mwaka 1983, na miaka iliyofuata ilitutafuna. Nikaisogeza picha karibu. Shati linaonekana hadi vifungo. Uso ni doa jeusi.

"Siku ya mazishi waliikuza hii hii," akasema. "Tuliaga shati. Mtoto wake amekua anaitazama, ananiuliza, bibi, mama alikuwaje? Namwambia nenda ukajiangalie kwenye kioo."

Sasa nieleze kitu ambacho wengi wetu hatuambiwi. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kila kilichoko mbele yake kina wastani wa rangi ya kijivu. Kikikuta mashati meupe mengi na jua kali, kinapunguza mwanga ili nyeupe ile isizidi, na nyuso zetu ndizo zinazolipa deni. Filamu za rangi nazo zilikuwa na lao. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha picha zilirekebisha rangi kwa kufuata kadi yenye sura ya mwanamke Mzungu, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley. Lakini kulikuwa na waliojua la kufanya. Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, aliwapiga watu wake uani kwa mwanga wa mchana, na nyuso zao mpaka leo zinakutazama.

Na mwanga bora kwa uso mweusi, kumbe, ndio ule niliokuwa nao. Wingu zito ni taa moja kubwa isiyo na vivuli vikali. Nikamketisha bibi ukingoni mwa baraza, uso umeelekea uani kwenye mvua, nyuma yake mlango ulio wazi na giza la ndani, lile lile nililokuwa nikilitafuta tangu asubuhi. Nikapima mwanga shavuni pake, mengine nikayaacha yajitegemee. Alikataa kutabasamu. "Msibani sitacheka," akasema. Nikapiga sita.

Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Akaitazama muda mrefu. Akagusa kwa kidole kovu dogo juu ya nyusi.

"Hata hili limetoka," akasema. "Basi atanijua."

Malipo sikutaka, naye hakutaka bure. Nikaondoka na mkungu wa ndizi begani na kamera shingoni, mvua ikinyesha.

Nawaandikia haya wenzangu mnaoshika kalamu kwa sababu hesabu ni ile ile. Mara nyingi tunawapimia watu wetu mwanga wa kitu kinachong'aa nyuma yao: mji, mandhari, maendeleo. Kitu kinatoka vizuri, watu wanatoka weusi ti. Pima shavuni kwanza, hata kama ziwa litapotea.

Siku mbili baadaye nilikwenda mjini kuisafisha ile picha, nakala mbili, moja ya bibi na moja ya mjukuu wake. Kijana wa dukani akaifungua kwenye kompyuta, akaitazama, akasema, "Kaka, nimwongezee weupe kidogo usoni? Wateja wengi wanapenda." Nikamwambia aiache ilivyo. Akainua mabega, akabonyeza, mashine ikaanza kuitoa taratibu, kuanzia kwenye khanga ya kichwani, ikaja nyusi, likaja kovu.