Waya mwekundu na waya wa njano

Gari halikuwa na kosa. Naanza na hilo kwa sababu kwa muda mrefu nilisema kinyume chake, na watu wa Kolwezi, mji wetu wa migodi huku Kongo, waliniamini, maana mimi ni fundi umeme wa magari na mara nyingi ndiye ninayeitwa Mercedes inapogoma.

Lilikuwa E-Class ya mwaka 2004, umbo ambalo mafundi tunaliita W211, rangi ya fedha, viti vya ngozi bado vizima. Lilinunuliwa Brussels, mtaa wa Heyvaert, ambako magari ya mtumba hukusanywa kabla ya kupelekwa bandari ya Antwerp na kupakiwa meli za Afrika. Mwenyewe anakaa upande wa Musonoi. Alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mpaka ule mpango wa mwaka 2003 wa kuacha kazi kwa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, ambao uliwatoa watu zaidi ya elfu kumi kwa malipo ya mkupuo mmoja. Wanaoijua historia hiyo wanajua pesa zile ziliishia wapi na ziliisha haraka kiasi gani. Gari alitumiwa na mwanawe aliye Ubelgiji. Jina lake silitaji. Nitamwita Papa, kama ninavyomwita tukikutana.

Papa alitaka skrini. Alikuwa ameziona kwenye magari ya mabosi wa migodi: skrini kubwa ya kugusa, kamera ya kurudi nyuma, simu inayosikika kwenye spika, nyimbo za kwaya zenye picha. Alitaka mwanawe akipiga kutoka Antwerp, sauti ijae gari zima, na Mama, mkewe, naye asikie. Alikwenda Lubumbashi akanunua skrini ya inchi 9 yenye Android, akaniletea kwenye boksi lake. Ndani mlikuwa na skrini, kamera, fungu la nyaya na fremu ya plastiki. Kisanduku kimoja kidogo hakikuwemo, nami nililiona hilo siku ileile.

Kwenye magari ya zamani, nyuma ya redio kuna nyaya mbili za moto. Wa njano una umeme saa zote, kazi yake ni kutunza kumbukumbu. Mwekundu unapata umeme ukiwasha swichi tu, na ndio unaoiambia redio iamke au ilale. Kwenye W211 huo wa pili haupo. Redio ya kiwandani huamshwa na kulazwa kwa ujumbe unaopita kwenye nyaya za mawasiliano ya gari, na muziki wenyewe huenda kwenye amplifaya iliyofichwa nyuma kwa uzi mwembamba wa plastiki unaobeba nuru. Ukiuchomoa uzi huo gari likiwa macho, unaona nukta nyekundu kwenye ncha yake. Vifaa vyote vya sauti vimeshikana kwa mzunguko mmoja wa nuru, na kimoja kikitoka bila kuwekewa kiungo, vyote vinanyamaza. Kisanduku kile kidogo ndicho mkalimani: kinasoma ujumbe wa gari na kuutoa kama umeme wa waya mwekundu. Cha pili, cha kutafsiri nuru, kinauzwa peke yake. Nilipaswa kumwambia Papa asubiri, viagizwe Dubai au China. Hakuwa na haraka. Mwenye haraka nilikuwa mimi, kwa sababu wateja wengine walikuwa wamekaa uani wakinitazama, na sikutaka waone kuna kazi imenishinda.

Nilikata soketi ya kiwandani kwa koleo. Nilichubua ncha, nikasokota waya mwekundu na wa njano pamoja, nikazifunga kwa utepe mweusi kwenye umeme wa moja kwa moja wa betri. Amplifaya niliiruka, nikavuta nyaya mpya hadi kwenye spika. Skrini ikawaka. Papa akapiga makofi. Kwa kuwa ilikuwa haina tena wa kuilaza, nikamwonyesha kitufe: “Papa, ukifika nyumbani, bonyeza hapa.” Akajibu, “Aksanti mingi, mwanangu, iko muzuri.” Kauli yangu ile ilikuwa inatosha kunishitaki. Redio iliyofungwa vizuri haihitaji mtu kuizima kila anaposhuka.

Kitufe kile huzima mwanga wa kioo tu. Kompyuta iliyo nyuma yake inaendelea kufanya kazi. Gari zima likilala hula chini ya sehemu moja ya kumi ya ampea. Mashine ile peke yake, nilipokuja kuipima baadaye, ilikuwa ikila ampea moja na nusu. Kwa saa 24 hizo ni ampea-saa 36, kwenye betri ya 95 ambayo haikuwa mpya. Papa hatembei kila siku. Mafuta ni ghali na safari zake ni kanisani na sokoni. Gari likikaa siku chache, betri ilikuwa tupu. Majirani wakawa wanalishtua kwa betri ya gari lingine, yeye akadhani ni uzee wa betri.

Kwenye gari jingine hadithi ingeishia kwenye kero. W211 ya mwaka ule breki zake zinategemea umeme. Ukikanyaga pedali, unachokanyaga ni kipimo. Kompyuta inasoma nguvu ya mguu wako, kisha pampu ya umeme na vali zake ndizo zinazopeleka shinikizo kwenye magurudumu. Mfumo huo unaitwa SBC. Umeme ukiyumba, mfumo unajitoa na kukuachia njia ya dharura: mafuta ya breki yanayokwenda magurudumu ya mbele peke yake, pedali ikizama mbali na kudai uikanyage kwa nguvu zako zote. Kijana mwenye misuli anaweza. Mzee wa zaidi ya miaka sabini aliyeshtuka, akiwa na lori mbele yake, ni jambo lingine.

Ilikuwa kiangazi, vumbi limetanda. Walikuwa wanakwenda msibani Likasi. Gari lilishtuliwa asubuhi hiyo kwa nyaya, likaondoka na betri iliyokauka, alternata ikihangaika kuijaza huku feni, taa na skrini yangu vikivuta. Barabara inaposhuka kuelekea daraja la Lualaba kulikuwa na foleni ya malori ya shaba yanayokwenda Kasumbalesa. Papa alikanyaga, pedali ikashuka, maandishi mekundu yakajaa mbele yake. Aliona hatasimama, akakata usukani kulia, gari likaingia mtaroni. Yeye alitoka mzima. Mama alikuwa ameweka mkono kwenye dashibodi kujikinga, na kifundo kikavunjika.

Gari lilivutwa hadi kwangu. Nikachomeka kompyuta ya kupimia, ile tunayoiita valizi, nikasoma kumbukumbu ya mfumo wa breki. Ilikuwa imeandika mara nyingi, mstari kwa mstari, kosa lilelile: volti ndogo. Pampu haikuwa na hitilafu. Hapakuwa na la kubahatisha, na papo hapo macho yangu yalikwenda kwenye skrini. Kisha nikaifunga valizi kabla Papa hajasogea karibu.

Nilimwambia ni pampu. Uongo wangu ulikuwa na mahali pa kujiegemeza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ni kweli kwamba Mei 2004 Mercedes iliita magari 680,000 yarudi gereji kwa ajili ya breki za SBC, na Machi 2005 ikaita mengine milioni 1.3 kwa matatizo ya umeme na breki. Ni kweli kwamba mwaka 2006 iliuondoa mfumo huo kwenye E-Class. Ni kweli pia kwamba pampu zile huhesabu mikanyago na hesabu ikijaa hutoa onyo. Yote hayo nilimweleza Papa kwa utulivu, kama mwalimu. Kila neno lilikuwa la kweli, na hakuna hata moja lililohusu gari lake. Aliniuliza, “Gari ya Wajerumani njo vile?” Nikamjibu, “Njo vile, Papa.”

Alinunua pampu iliyotumika kwa dola 900. Sehemu ya pesa hizo aliipata kwa kuuza mahindi ya shamba la Mama. Nikaifunga, nikalipwa ufundi. Betri mpya nayo akainunua, ndiyo maana kwa muda gari likaonekana limepona, nami nikajiaminisha kwamba limepona.

Kilichonirudisha ni Mama. Nilimkuta sokoni akibeba kikapu kwa mkono wa kushoto, ule mwingine ukiwa bado haujanyooka. Akanisalimia vizuri kabisa, akaniuliza habari za watoto, akasema anamshukuru Mungu kwamba kuna fundi anayelijua gari lao. Sikuweza kula siku ile. Jioni nilikwenda Musonoi na vifaa vyangu, nikaomba ruhusa nifungue dashibodi mbele ya Papa.

Nilipoitoa skrini nilikuta zaidi ya nilichotarajia. Waya wa ardhi niliouvuta mwenyewe, ganda lake lilikuwa limelainika na kushikana na zulia kwa joto. Nikaukwaruza kwa kisu. Chini ya ngozi nyembamba ya shaba palikuwa peupe: alumini. Waya kama huo hupitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba safi, na nilikuwa nimeununua mita kwa mita kwa sababu ni rahisi. Papa aliuchukua mkononi, akaugeuza. Mtu huyu maisha yake yote ya kazi aliyatumia kutoa shaba ardhini, kwenye mji ambao malori ya shaba hayapumziki usiku wala mchana. Hakusema kitu kuhusu waya. Aliuliza, “Ulijua lini?”

Nikamwambia: siku ya valizi. Akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akamwita Mama aje asikie mwenyewe, na nikalazimika kusema tena tangu mwanzo, kuanzia koleo. Mama alilia. Papa aliniambia nisirudi mpaka nije na redio ya zamani na pesa. Alikuwa na haki.

Redio ya zamani nilikuwa nimeihifadhi. Soketi niliyoikata ilinibidi niiagize, pini kwa pini, na uzi wa nuru nikaurudisha bila kuukunja, kwa maana ukikunjwa sana nuru haipiti. Nikapima usingizi wa gari kwa mita usiku kucha, mpaka niliporidhika. Kati ya zile dola 900 nimelipa zaidi ya nusu. Zilizobaki nalipa kila mwezi. Mkono wa Mama siwezi kuulipa, na sijamwomba anisamehe kwa sababu naona ni kumwongezea mzigo mwingine.

Lakini Papa si peke yake, na ndiyo sababu naandika badala ya kunyamaza. Kazi kama ile niliifanya kwenye magari mengine: Mercedes, BMW za E60, yote ambayo redio zake huamshwa kwa ujumbe. Wengine wenye magari hayo wako Manika, wengine Dilala, wengine wameshayauza hadi Fungurume na Likasi, na sina orodha. Kama ni mimi niliyekufungia skrini, na nilikuonyesha kitufe nikakwambia ukibonyeze kila unaposhuka, basi nyaya zako mbili nimezifunga pamoja. Usikae na gari hilo lenye betri inayokufa-kufa. Chomoa fyuzi ya redio leo, kisha lilete. Sitakutoza hata faranga, na kisanduku kitakachohitajika nitakinunua mimi.