Kompyuta Ilipokataa Kuingia Bila Jina: Amana ya Picha za Bibi Harusi



Leo hatuzungumzii singo wala piko. Tunazungumzia picha zinazobaki baada ya hina kufutika: zinakaa wapi, nani anaweza kuzifungua, na ufanye nini siku kompyuta ya nyumbani inapokataa kuzifikia.

Tunaandika kutoka Kitahana, wilaya ya Kibondo, huku nyanda za juu za Kigoma. Ni wanawake watatu wa nyumba moja, na kazi yetu ni kupiga picha za harusi upande wa wanawake, Kibondo na Kasulu. Usiku wa hina, kupambwa, bibi harusi na mama zake katika chumba ambacho mwanamume haingii. Humo nywele ziko wazi, mikono iko wazi, shangazi wamejifunga kanga kiunoni wanacheza. Aya ya 31 ya Suratun Nur imewataja mmoja mmoja wale ambao mwanamke anaweza kuwaonyesha mapambo yake. Picha za chumba kile nazo zina watu wake.

Ndiyo sababu hatuzipeleki intaneti. Zinakaa nyumbani, ndani ya kisanduku chenye diski mbili kilichounganishwa na ruta kwa waya, na kompyuta zetu zote zinakifikia kupitia Wi-Fi ya nyumba. Wengi hawajui kwamba kisanduku kama hiki hakihitaji bando. Intaneti ikikatika, ruta na kisanduku vikiwa na umeme tu, picha zinafunguka.

Siku moja bibi harusi wetu wa Kasulu alipiga simu. Bibi yake, aliyempaka hina kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa amefariki alfajiri. Akasema, "Dada zangu, naomba zile picha za bibi. Nyumbani hatuna nyingine." Tukamwambia, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, mwanetu. Tunakutumia sasa hivi." Kompyuta yetu mpya ikasema haikioni kisanduku.

Tulianza na yale yaliyo karibu, na utaratibu huu utamfaa yeyote yatakayemkuta.

Kwanza, taa. Umeme ukikatika na kurudi, ruta huamka mapema, lakini kisanduku chenye diski huchukua dakika kadhaa. Kisubiri. Tazama pia taa ndogo pale waya unapochomekwa. Isipowaka, chomoa waya uchomeke tena, au jaribu waya mwingine.

Pili, Wi-Fi. Ruta nyingi zina mtandao mmoja wa wenyeji na mwingine wa wageni. Kompyuta ikiwa kwenye ule wa wageni, intaneti itapata, ila kisanduku hakitaonekana. Na katika mipangilio ya Windows, mtandao wa nyumbani uwekwe kuwa wa faragha. Ukiwekwa kuwa wa hadharani, kompyuta hujificha na kuwaficha wenziwe.

Tatu, anwani. Kila kifaa hupewa namba na ruta, na baada ya umeme kurudi namba inaweza kubadilika, ukawa unabisha hodi nyumba iliyohamwa. Fungua ukurasa wa ruta, soma namba ya sasa ya kisanduku, kisha iandike juu ya dirisha la mafaili ikitanguliwa na mikwaju miwili, kwa mfano \\192.168.1.20. Ukiipata, iambie ruta iishike namba hiyohiyo daima.

Nne, jaribu kwa kompyuta nyingine. Hili ndilo linalookoa muda kuliko yote, kwa kuwa linakwambia ugonjwa uko upande gani. Tulichukua laptopu ya zamani yenye Windows 10, tukaandika namba ileile, na folda zote zikafunguka. Picha za marehemu zikafika Kasulu kabla ya maziko, alhamdulillah.

Kisha tukatazamana. Laptopu ile ilikuwa imeingia bila kuulizwa jina wala neno la siri! Fundi aliyekifunga kisanduku alikiacha kinapokea "mgeni", yaani yeyote aliyeko kwenye mtandao wa nyumba. Na neno la siri la Wi-Fi yetu wanalo wapwa zetu, wanalo wanafunzi wa jirani wanaokuja kusoma jioni. Yeyote kati yao angeweza kufungua chumba cha bibi harusi kwa simu yake, hata kwa kupapasa tu bila nia mbaya.

Tukaelewa kwamba kompyuta mpya haikuwa mbovu. Windows 11 Pro toleo la 24H2, lililotoka Oktoba 2024, hutaka kila mazungumzo na kisanduku yapigwe muhuri, ili mtu wa katikati asiyageuze njiani. Muhuri huo hutengenezwa kutokana na neno la siri la mtumiaji. Mgeni hana neno la siri, hivyo hana muhuri, na kompyuta inakataa kuingia naye. Ulikuwa ulinzi ukifanya kazi yake.

Kijana mmoja anayejua kompyuta alitwambia kwa simu, "Mama zangu, hilo dogo. Tunauzima huo ulinzi, dakika mbili tu." Alitaka kutusaidia, Allah amlipe. Tukamjibu, "Ahsante mwanetu, lakini tutaweka kufuli mlangoni. Mlinzi tunamwacha."

Dini yetu imetufundisha adabu ya mlango kabla ya kompyuta kuwapo. Aya ya 27 ya Suratun Nur inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe. Na katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Jabir bin Abdillah, Allah amridhie, alibisha mlangoni kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Alipoulizwa ni nani, akajibu kwamba ni yeye, bila kutaja jina, na Mtume akaonekana kulichukia jibu hilo. Anayebisha ajitambulishe.

Marekebisho yalituchukua chini ya saa moja. Tuliingia kwenye ukurasa wa mipangilio wa kisanduku, tukamtengenezea kila mmoja wetu jina na neno la siri lake, tukamfungia mgeni. Kwenye kompyuta tukaandika jina lile na neno lile, tukaiambia ikumbuke. Angalia hapa: namba fupi unayofungulia kompyuta yako asubuhi siyo neno la siri la kisanduku. Wengi hukwama hapo wakadhani kisanduku kimekufa.

Kama kisanduku chako ni cha zamani sana, huenda kinazungumza lugha ya SMB ya kwanza peke yake. Tundu la lugha hiyo ndilo lililopitiwa na kirusi cha WannaCry Mei 2017, kikafunga mafaili ya watu duniani kote, zikiwamo hospitali za Uingereza. Siku hizi Windows mpya haziji nayo ikiwa imewashwa. Tafuta kwenye mipangilio kama kinaweza toleo la 2 au la 3. Kisipoweza, hamisha picha zako ukistaafishe.

Na diski mbili ndani ya kisanduku kimoja si nakala mbili. Mvua zetu huku huanza Oktoba hadi Mei, na radi ikipita kwenye waya haichagui diski. Nakala ya pili tunaiweka kwenye diski ya pembeni, ndani ya sanduku la nguo, imechomolewa.

Wewe unayejiandaa kuolewa, iwe Unguja, Pemba au huku bara, umeshauliza bei ya keki na rangi ya shela. Muulize na mpiga picha wako: picha zangu zitakaa wapi? Nani ana neno la siri? Nakala ziko ngapi? Ukishanikabidhi, utazifuta lini? Asikuone una maneno mengi. Aya ya 58 ya Suratun Nisaa inatuamrisha kurudisha amana kwa wenyewe, na picha yako ni amana mkononi mwake.

Sisi sasa kila bibi harusi ana folda yake, na akishapokea picha zake tunamuuliza: tukuwekee au tufute? Yule wa Kasulu alisema tumwekee za bibi, nyingine tufute. Tukafanya hivyo, kwenye kisanduku na kwenye nakala.

Allah amrehemu bibi yule, na azisitiri nyumba zetu na zenu. Amin.