Mke Wangu Hakuwa Mvivu

Wahenga walisema: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi ni mwalimu, na mithali hiyo nimewafundisha watoto wa watu mara nyingi. Lakini nyumbani mwangu mwenyewe sikuielewa kwa muda wa miaka mitatu. Leo nataka kuungama kosa langu mbele yenu, ili mume mwingine asilitende.

Sisi tunakaa Bukavu, kwenye mteremko wa Kadutu, ambako hata kijana akipanda kutoka sokoni hufika mlangoni akihema. Mwaka 2018 mke wangu alianza kuumwa. Kwanza yaliuma mabega, kisha mgongo, kisha nyonga na magoti, mwisho mwili mzima. Usiku alilala, lakini asubuhi aliamka amechoka kama mtu aliyelima usiku kucha. Mara nyingine alitafuta neno dogo asilipate. Mtoto wetu wa mwisho alipomrukia kwa furaha, mama alipiga kelele ya uchungu, na mtoto akaogopa.

Tukaenda kwa waganga wa hospitali. Wakapima damu: damu ilikuwa njema. Wakapiga picha ya mifupa: mifupa ilikuwa mizima. Mmoja akatupa vidonge vya maumivu. Mwingine akaniita kando, akaniambia: “Bibi yako hana kitu.”

Neno hilo liliniharibu moyo. Nikawaza: ikiwa hana kitu, basi ni mvivu. Nikaanza kuhesabu siku ambazo maji hayakutekwa na mashati yasiyopigwa pasi. Sikumpiga, lakini nilinyamaza kwa hasira, na kunyamaza kwa namna hiyo nako ni fimbo.

Jamaa zangu walikuwa na neno lao. “Amelishwa sumu,” walisema, wakamtaja mama mmoja mjane, jirani yetu, kwa sababu tu alikuwa ametuletea ndizi. Wakanishauri tumwendee mpiga ramli. Mke wangu akakataa, akasema: “Mimi nimebatizwa. Nitaumwa, lakini huko sitakwenda.” Nami, niliyejiita mwenye elimu, nikaacha kumsalimu yule mjane.

Mwaka 2021 tulimpata mganga mwenye subira. Hakuanza na mashine. Alianza na maswali. Unalala namna gani? Unaamka na nguvu? Unasahau? Maumivu yako wapi, na tangu lini? Akasikiliza mpaka mwisho, ndipo akatupa jina la ugonjwa: fibromialjia.

Akatueleza kwamba kwa kanuni za mwaka 1990 waganga walibonyeza sehemu 18 za mwili, na mgonjwa aliyesikia maumivu katika sehemu 11 alihesabiwa kuwa na ugonjwa huo. Tangu mwaka 2010 kuna kanuni nyingine, zinazouliza juu ya maumivu yaliyoenea mwilini kwa miezi 3 au zaidi, pamoja na uchovu, usingizi usioburudisha na kusahau. Katika watu 100, wawili hadi wanne huweza kuwa nao, na wengi wao ni wanawake. Hauambukizi, wala hauli mifupa. Lakini pia hakuna dawa ya kuuondoa kabisa.

“Fikiri juu ya redio,” aliniambia. “Msemaji anasema polepole, lakini kifungo cha sauti kimezungushwa mpaka mwisho. Nyumba yote inajaa kelele. Ndivyo ubongo na mishipa ya fahamu vinavyoyakuza maumivu ya bibi yako. Picha ya mfupa haionyeshi kifungo hicho. Lakini kelele anayoisikia ni kelele ya kweli.”

Niliona haya, nikatazama chini.

Tukarudi nyumbani, na shangazi yangu, mkandaji wa akina mama waliojifungua, akaja kusaidia. Akamkanda mke wangu kwa nguvu zake zote, kama mtu anayekanda unga wa mkate. Siku mbili mke wangu hakuweza kuinuka. Kumbe mkono wenye nia njema nao huweza kuumiza!

Mganga akatupeleka kwa mtu aliyesomea kazi ya viungo, yule tunayemwita kine, naye akanifundisha mimi, mume. Chumba kiwe na joto. Mafuta kidogo mikononi. Anza shingoni na mabegani, polepole, kwa kiganja chote, si kwa ncha za vidole. Uliza kila mara: “Hapa je?” Robo saa yatosha. Asubuhi yake akiwa na maumivu zaidi, basi ulizidisha. Safari nyingine punguza. Usimkande mtu mwenye homa au jeraha, wala mguu mmoja uliovimba ghafula na kuuma, kwa maana huenda damu imeganda ndani; huyo apelekwe hospitali upesi.

Wala hakutudanganya. Alisema kwamba mwaka 2014 wataalamu walikusanya matokeo ya majaribio mbalimbali, wakaona kwamba kukandwa kwa majuma 5 au zaidi kulipunguza maumivu, wasiwasi na huzuni. Lakini majaribio hayo yalikuwa madogo, na wataalamu wa Ulaya walipotoa mashauri yao mwaka 2017, jambo walilolisifu kwa nguvu lilikuwa moja tu: kuuzoeza mwili, kwa kutembea na kazi nyepesi, kidogo kidogo bila kuacha. “Kukanda kunamlegeza, apate kulala na kusimama,” alisema kine. “Baada ya hapo, mtembee.”

Usiku wa kwanza nilipaka mafuta mikononi, nikaanza mabegani. Mikono hii imezoea chaki, ilitetemeka. Baada ya muda mfupi nikaona machozi yake. Nikauliza kwa hofu: “Nimekuumiza?”

Akajibu: “Hapana, baba watoto. Ni kwamba leo umesadiki.”

Wasomaji wapenzi, neno hilo tunalitamka kila Dominika katika Misa. Tunasadiki yale tusiyoyaona. Nami nilikuwa nimeshindwa kusadiki maumivu ya mtu ninayelala naye kitanda kimoja, kwa sababu tu picha haikuyaonyesha! Asubuhi yake nilikwenda kwa yule mjane, nikamwomba radhi. Alinipa kiti, kisha akanipa ndizi.

Injili inatusimulia habari za mama mkwe wa Simoni aliyelala ana homa. Bwana wetu alimkaribia, akamshika mkono, akamwinua. Sisi hatuna uwezo wa kuponya kama yeye. Lakini kumkaribia mgonjwa na kumshika mkono, hilo hata maskini anaweza.

Kwa hiyo nawasihi. Ninyi waume, mke akisema anaumwa, msingoje karatasi ya mganga ndipo mwanze kumhurumia. Ninyi wanafunzi, mama akichelewa kuinuka, tekeni maji bila kuagizwa. Nanyi jamaa, kabla ya kumtaja mtu kwa sumu, kumbukeni kwamba jina la jirani likichafuka halioshwi kwa sabuni.

Mke wangu hajapona. Siku za baridi na mvua humlemea, na ziko jioni ambazo hataki kuguswa. Nami nasikiliza, naiweka chupa ya mafuta mahali pake. Lakini Dominika twaenda Misa kwa miguu. Tukirudi, hupumzika mara mbili katika mteremko. Zamani nilitangulia, nikamngoja mlangoni nimekunja uso. Siku hizi anapoketi juu ya jiwe, nami naketi.